Tuulizeni "Mambo?", na pawe na mtu wa kusoma jibu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na kwa mawaziri wa afya wa kaunti, hasa kaunti zilizo mbali na hospitali za rufaa.

Waheshimiwa,

Naandika kuomba nesi mmoja na simu moja. Nesi huyo awe na kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo wakiwa makwao, awe na ruhusa ya kumpigia daktari bingwa siku hiyo hiyo, na kazi yake ilipwe kama kazi ya kliniki inavyolipwa. Ombi lenyewe ni hilo. Mengine yote humu ni kueleza kwa nini naliomba, na kwa nini naamini Kenya inaweza kulitimiza bila kungoja mfadhili wala mtambo kutoka ng'ambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Lamu. Nina ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao pamoja na ugonjwa wa Crohn ndio maradhi mawili makubwa ambayo madaktari huyaita kwa jina moja, IBD, yaani huo uvimbe sugu wa utumbo. Si vile vidonda vya tumbo ambavyo kila mtu ana jirani anayevilalamikia. Hapa ni kinga ya mwili wenyewe inayoushambulia utumbo. Crohn huweza kupiga popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Wangu umekaa kwenye utumbo mpana tu. Hauambukizi. Hauishi kwa dawa, lakini hutulizwa, na aliyetulizwa vizuri huolewa, huzaa, hufundisha Darasa la Nne asubuhi na akapika futari jioni.

Maradhi haya yana tabia moja iliyonifanya nikae kuandika: hayafuati kalenda. Hutulia miezi, pengine mwaka na zaidi, mtu akala na kufanya kazi mpaka akasahau. Kisha huchachamaa. Choo kinakuwa cha mara nne kwa siku, kesho mara saba, damu inaonekana, usiku hakulaliki, viungo vinauma, mwili unaisha. Daktari ameniandikia nirudi baada ya miezi sita, lakini utumbo haukuwepo alipoandika. Mara nyingi tarehe ya kliniki hunikuta mzima kabisa: nasafiri, nakaa foleni, naulizwa hali, nasema njema, naandikiwa dawa zile zile, narudi. Na maradhi yalipochachamaa kwelikweli, tarehe ilikuwa bado iko mbali na sikuwa na nambari ya kupiga.

Anayeishi Nairobi huenda akaona kusafiri ni jambo dogo. Kutoka kisiwani unavuka kwa boti hadi Mokowe, halafu unapanda basi la Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kupitia Witu, Garsen na Malindi. Kipande cha kati ya Lamu na Garsen, kwa sababu za usalama, mara nyingi mabasi husindikizwa na polisi, na basi lililo msafarani halisimami kwa kuwa abiria mmoja anataka kuingia kichakani. Basi tuna namna yetu. Hatuli tangu jana yake. Hatunywi maji. Tunavaa nepi za watu wazima chini ya buibui na tunabeba nguo za kubadilisha. Mtu anayepoteza maji kwa kuhara anajinyima maji ili aende kumwona daktari wa kuhara! Wanaolazimika kuendelea hadi Nairobi watakubaliana nami kwamba treni ya SGR, na lawama zake zote, imetusitiri kwa jambo moja: ina vyoo.

Kabla hata ya kufika kwa bingwa, wengi wetu tumeshatibiwa amiba na taifodi mara zisizohesabika. Siwalaumu matabibu wa zahanati. Damu kwenye choo katika nchi hii, mara nyingi, kweli ni amiba au bakteria wa kuhara damu, na kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria huwa ni kichocho cha utumbo. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana na Crohn kiasi kwamba hata mabingwa wenye kamera ya kuchungulia utumbo na maabara hubabaika. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linalonifanya niogope watu watakaowajia na programu ya simu inayodai itatutibu yenyewe. Mgonjwa mwenzangu anapoanza kuhara damu, huenda maradhi yake yamechachamaa, na huenda amekula kitu kibovu akapata amiba. Dalili ni zile zile. Dawa zinapingana: ukimpa mwenye amiba vidonge vya prednisoloni ukidhani unatuliza uvimbe, unaweza kuupeleka utumbo wake mahali pa kutoboka. Hapo panahitajika mtu anayejua nini cha kuuliza na kipimo gani cha kuagiza.

Na mtu huyo asipokuwepo, sisi hatukai mikono mitupu. Twaenda duka la dawa. Prednisoloni tunaijua kwa rangi na kwa bei. Ukiimeza, siku chache damu inakatika, ukajiona umepona, ukaiacha ghafla, na haifai kuachwa ghafla baada ya kuitumia kwa muda. Au ukaendelea nayo miezi bila mtu kukwambia kwamba inakula mifupa, inapandisha sukari na presha, na hailindi utumbo usichachamae tena. Kwa maumivu ya viungo tunanunua diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo zenyewe zinaweza kuyaamsha maradhi. Hakuna kosa hapo ambalo simu ya dakika tano isingelizuia.

Sasa nije kwenye simu.

Mheshimiwa Waziri, Kenya ndiyo iliyoufundisha ulimwengu jambo hili. Kati ya 2007 na 2008, katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, watafiti waliwafuatilia watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mradi uliitwa WelTel. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine, kila wiki, walipata ujumbe mfupi kutoka kwa nesi wa kliniki: "Mambo?" Basi. Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu. Aliyenyamaza alipigiwa pia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walikuwa wanameza dawa kama inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao, virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57, dhidi ya 48. Hakukuwa na simu za kisasa. Hakukuwa na intaneti. Ilikuwa simu ya kabambe, ile ya vibonye, salio na nesi.

Watafiti wa ng'ambo husafiri na mfano huu wakiueleza kwenye mikutano. Sisi ambao "Mambo?" ni salamu yetu, tukiwa na maradhi sugu yasiyo ya virusi, hatujawahi kuulizwa.

Kwa upande wa utumbo wenyewe, Uholanzi wamefika mbali. Walitengeneza mfumo wa myIBDcoach ambao mgonjwa hujaza maswali kila mwezi, na maradhi yakichachamaa hujaza kila wiki, na majibu mabaya humulika kwa nesi. Waliujaribu kwa mwaka mmoja kwa wagonjwa 909 katika hospitali nne, za chuo kikuu na za kawaida, wakachapisha mwaka 2017. Waliofuatiliwa kwa mbali walikwenda kliniki kwa wastani mara 1.55 kwa mwaka, wenzao mara 2.34. Kulazwa kulipungua nusu, kutoka wastani wa 0.10 hadi 0.05. Na walipoulizwa kuhusu ubora wa huduma, makundi yote mawili yalitoa alama za juu zinazokaribiana. Kabla yao, Denmaki na Ayalandi walikuwa wamewafundisha wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana kujipima dalili kwenye tovuti na kuanza dawa mapema kwa maelekezo. Ripoti ya 2010 ilionyesha kwamba kwa Wadenmaki, kipindi cha kuchachamaa kilidumu siku 18 kwa waliofuatiliwa na siku 77 kwa wengine. Waheshimiwa, siku 77 ni karibu muhula mzima wa shule. Mimi ni mwalimu, najua watoto wanapoteza nini mwalimu akikosekana muhula mzima.

Lakini sitaki mniletee wauzaji wa programu wakinukuu takwimu hizo tu. Marekani nako walijaribu, kwa ujumbe wa simu, kwa wagonjwa 348 wa vituo vikubwa, wengine wakiulizwa kila wiki, wengine kila baada ya wiki mbili, wengine wakihudumiwa kama kawaida. Matokeo yalitoka 2019. Wote walipata nafuu, na nafuu ya waliotumiwa ujumbe haikuwazidi wenzao kwa kipimo cha ukali wa maradhi wala cha ubora wa maisha. Nimelifikiria sana jambo hili. Wale tayari walikuwa wanahudumiwa katika vituo vya mabingwa, wana bima, wana nambari ya kupiga wakizidiwa. Ukimpa ujumbe mtu aliyekuwa tayari na nesi, hujamwongezea kikubwa. Sisi tunaoanzia patupu ni habari nyingine, na hata kwetu faida itatoka kwa yule atakayesoma jibu na kulifanyia kazi. Ujumbe bila nesi ni kama kengele ya shule iliyolizwa wakati wa likizo.

Kwa hiyo nikisema ufuatiliaji wa mbali, picha niliyo nayo ni ndogo kuliko mnavyodhani. Kila Jumatatu napata ujumbe. Nikijibu "Sawa", imekwisha hadi Jumatatu ijayo. Nikijibu "Shida", au nikinyamaza siku mbili, nesi ananipigia. Anauliza: Choo mara ngapi tangu jana? Kuna damu? Unaamka usiku kwa sababu ya choo? Una homa? Umekosa dozi? Umemeza dawa gani ambayo hukuandikiwa? Kwa mwenye Crohn ataongeza swali la uvimbe au usaha kando ya njia ya haja kubwa, maana huko ndiko mambo huharibika kimyakimya kwa aibu. Mazungumzo hayafiki dakika kumi. Mwishoni ana mambo matatu ya kuchagua: kunituliza, kunituma nikapimwe hapa hapa, au kuniambia nipande boti leo.

Hilo la "leo" si la kukisia. Mwaka 1955, Truelove na Witts wa Oxford, walipokuwa wanaijaribu dawa ya kotisoni, waliweka alama za ukali ambazo madaktari wanazitumia mpaka sasa: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na mojawapo ya haya, joto la mwili kupita 37.8, mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika, kiwango cha damu (himoglobini) kushuka chini ya 10.5, au ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kupita 30. Mwenye alama hizo analazwa siku hiyo. Akibaki nyumbani akisubiri tarehe ya kliniki anaweza kufa.

Zisomeni tena alama hizo, kisha mkumbuke mlichogawa Septemba 2023. Wahudumu wa afya ya jamii laki moja, nchi nzima, walipewa mikoba na simu. Ndani ya mkoba mna kipimajoto, mashine ya presha na mizani. Mashine ya presha ya kidijitali huonyesha mapigo ya moyo palepale chini ya nambari za presha. Maana yake ni kwamba mhudumu wa mtaa wangu, bila kununuliwa kitu kipya hata kimoja, anaweza kuja nyumbani akanipima joto na mapigo, akauliza idadi ya choo, akampelekea nesi nambari tatu, na nesi akajua kama niko kwenye hatari ile ya 1955. Mizani itamwambia kama naisha. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumfundisha mhudumu huyo kwamba maradhi yetu yapo.

Damu inaweza kupimwa karibu. Wengi wetu tunatumia azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili inayoweza kushusha chembe nyeupe za damu na kuumiza ini bila dalili ya nje. Ndiyo maana mwanzoni damu huangaliwa mara kwa mara, na dozi ikishatulia huangaliwa kila baada ya miezi kama mitatu. Hospitali ya Level 4 inaweza kupima wingi wa chembe za damu. Kinachonisafirisha ni kwamba karatasi ya majibu inasomwa Mombasa. Karatasi hiyo ipigwe picha, ama iingizwe kwenye mfumo ambao Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inautaja, isomwe Mombasa, mimi nikibaki darasani. Wanaotumia sindano za kutuliza kinga, kama infliksimabu au adalimumabu, wana hatari nyingine, ya kifua kikuu kilicholala kuamka, na nesi anayewauliza kila wiki kuhusu kikohozi na jasho la usiku atakuwa amewafanyia kazi mbili kwa simu moja.

Kipimo ninachowaomba mkinunue kwa wingi ni kimoja, nacho ni kalprotekitini ya choo. Ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe zinapokimbilia utumbo wenye uvimbe, kwa hiyo kipande kidogo cha choo huonyesha kinachoendelea ndani bila kamera. Majibu ya chini ya 50 humtuliza daktari. Yakipita 250, kwa mtu mwenye maradhi haya, kuna jambo linawaka, hata kama mwenyewe bado anajiona mzima. Kina mipaka yake. Amiba hukipandisha, dawa za maumivu hukipandisha, na sampuli isiachwe juani kwenye gati la Mokowe siku tatu ikingoja basi. Lakini kwa aliye mbali na kamera ndicho kipimo kinachoweza kumwambia nesi: huyu asafiri, huyu asisafiri. Kolonoskopi, ndiyo hiyo kamera, haitaondoka. Mtu aliyeishi na vidonda vya utumbo mpana miaka minane hivi anapaswa kuanza kuangaliwa kwa kamera kwa sababu ya saratani, na hapo pia orodha ya nesi ina kazi, maana leo hakuna anayenihesabia miaka isipokuwa mimi.

Kuhusu siri, niseme kama mwanamke wa kisiwa kidogo. Haya ni maradhi ya choo. Mtu akikonda na akawa haachi kwenda msalani, majirani wameshamaliza kumpima kwa macho na kumpa ugonjwa wanaoujua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na simu inayochezewa na watoto na kusomwa na mawifi. Ndiyo maana naupenda ujumbe wa "Mambo?" kuliko ujumbe wowote wenye jina la hospitali au neno choo. Hauna cha kusoma. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na naomba iheshimiwe tangu siku ya kwanza: nambari ya simu ya mgonjwa isipewe kampuni ya dawa, wala ya bima, wala mwanafunzi anayetafuta shahada, bila yeye kuulizwa kwa lugha anayoielewa na kukubali.

Najua jibu mtakalokuwa nalo mkononi. Sisi ni wachache. Kuna malaria, kuna kisukari, kuna akina mama wanaofia leba, na huyu mwalimu anataka nesi wa utumbo. Ni hoja ya haki, nami nisingeitetea fedha yangu mbele ya mama aliyepoteza mtoto kwa malaria. Ila nesi huyu hatakuwa wa utumbo peke yake. Azathioprini na methotreksati ni dawa pia za wenye baridi yabisi kali na wenye lupasi, na ufuatiliaji wa damu ni ule ule. Orodha moja, simu moja, maswali yanatofautiana kidogo. Na uchache wetu una sababu inayopaswa kuwatia wasiwasi: asiyefika kwenye kamera hahesabiwi. Mimi nilihesabiwa kwa kuwa nina mshahara wa mwezi na kaka Mombasa wa kunilaza. Kwenye zahanati hukutana na watu wa Kiunga na Faza wenye dalili zangu ambao kadi zao zimeandikwa amiba ukurasa baada ya ukurasa.

Hoja nyingine nimeisikia kutoka kwa daktari mmoja, na ni nzito zaidi: kwamba nesi atazamishwa na simu zisizo na maana, na bingwa hatapumua. Hilo linajibika kwa kupanga muda. Nesi awe na saa zake za kupiga, bingwa awe na saa moja ya siku ya kujibu manesi, na dharura iwe na njia yake. Napendekeza pia nesi apewe karatasi iliyoandikwa na mabingwa wenyewe: ukisikia hivi fanya hivi. Bingwa aitwe kwa yale tu ambayo karatasi haikuyajibu. Na nesi asibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Mgonjwa wa utumbo akishakuzoea atakwambia ukweli kuhusu damu. Ukiniletea sauti mpya kila msimu nitasema "Sawa" hata nikiwa nakufa, kwa haya tu.

Tunakuja kwenye fedha, maana ndiko barua kama hizi hukwama. Tangu Oktoba 2024 mchango wangu unakwenda SHA badala ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, na hukatwa kabla sijauona. Naomba mambo mawili kutoka kwa wakuu wa SHA. Kwanza, ushauri wa nesi kwa simu kwa mgonjwa wa maradhi sugu utajwe waziwazi kwenye orodha ya huduma zinazolipwa, uwe na bei yake, ili hospitali isiuone kama hisani. Hospitali inayolipwa kwa kuniona ana kwa ana tu itaendelea kuniita ana kwa ana. Pili, kalprotekitini iingizwe kwenye vipimo vya wagonjwa waliokwisha kuthibitishwa. Kampuni za simu nazo ziombwe na Wizara, si na mgonjwa, zitoe nambari fupi isiyokata salio, ili "Shida" yangu isikwame kwa kukosa shilingi moja.

Kwa kaunti: Katiba ya 2010 iliwapa ninyi hospitali zetu na ikaiachia serikali kuu zile za rufaa za kitaifa. Maradhi yangu yanaishi katikati ya hizo mbili, na kila upande una sababu nzuri ya kuuangalia mwingine. Mkutano mmoja wa Wizara na kaunti za Pwani ungetosha kuamua nesi anaajiriwa na nani na anakaa wapi. Maoni yangu ni kwamba akae hospitali ya rufaa ya kanda, karibu na bingwa, na mshahara wake uchangiwe na kaunti sita kwa hesabu ya wagonjwa walio kwenye orodha. Wenye ujuzi wa utawala wana njia bora zaidi bila shaka. Anzeni na kanda moja, kwa mwaka mmoja, hesabuni waliolazwa, safari zilizookolewa na waliofika mapema, kisha mwamue kama inafaa Turkana na Mandera, ambako umbali wao unaufanya wa kwetu uonekane si kitu.

Ibara ya 43 ya Katiba inataja haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa maradhi haya, Uholanzi wameonyesha kiwango kipi kinaweza kufikiwa, na kliniki za Nairobi na Kajiado zilionyesha njia ya bei nafuu ya kukikaribia.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na kabla ya hapo kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti. Nitakuwepo kwenye kikao cha Lamu, karibu na mlango, kwa sababu mnazozijua sasa. Nitauliza mshahara wa nesi huyu umeandikwa ukurasa gani, na naomba aliyetumwa na idara ya afya aje na jibu.

Wenu katika utumishi wa umma,
Mwalimu na mgonjwa, Lamu